Hakuna Cheti cha Kuachwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliotuachia methali hii bila shaka walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara. Hata hivyo, mwaka jana nilitambua kwamba ndoa iliyokufa nayo inahitaji daftari, na kwamba asiyejua daftari hilo limewekwa wapi anaweza kupoteza nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Nilikuwa nyumbani Voi kwa likizo fupi aliponijia mama mmoja, jirani yetu wa miaka mingi. Jina lake nitalihifadhi, maana yu hai na mambo yake ni ya faragha. Nitamwita Mama, kama nimwitavyo siku zote. Alinikuta barazani nikisahihisha karatasi za mtihani. Akaketi, akaikataa chai mara ya kwanza kama ilivyo ada, akaikubali mara ya pili, kisha akatoa bahasha ya kaki iliyokunjika pembe.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mwalimu wa chuo kikuu, karatasi za serikali unazisoma kama mimi nisomavyo uso wa mtu. Nisaidie kutafuta cheti changu cha kuachwa."

Nilimwomba anieleze mkasa wote tangu mwanzo. Aliolewa kanisani mwaka 1974, huko milimani Taita. Ndoa ile iliingia mdudu, na mwaka 1986 ikavunjwa na korti. Miaka kadhaa baadaye aliposwa na mwanamume mwingine, mahari yakatolewa kwa mila ya Kidawida mbele ya wazee wa pande zote mbili, na wawili hao wakaishi pamoja mjini Voi hadi mume alipofariki. Walinunua ploti wakajenga vyumba vya kupangisha. Sasa mume hayupo, na shemeji zake wamekwenda kwa chifu kudai kwamba Mama si mjane wa ndugu yao, kwa kuwa alipokuja kwake alikuwa bado mke wa mtu. Chifu, ambaye ndiye huandika barua ya kuwatambulisha warithi kortini, alisita kuiandika. Mama akaambiwa alete cheti.

Shemeji hao, hata kama nia yao si njema, hawakuiokota hoja yao jalalani. Katika sheria ya Kenya, mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja, iwe ya kanisani au ya serikali, hawezi kufunga nyingine maadamu ile ya kwanza haijavunjwa na mahakama. Ya pili huwa batili. Isitoshe, kifungu cha 171 cha Kanuni za Adhabu kinamtishia mhusika kifungo cha miaka mitano. Kwa hiyo karatasi aliyokuwa akiitafuta Mama haikuwa pambo la kutundikwa ukutani. Ndiyo iliyosimama baina yake na kufukuzwa katika vyumba alivyovijenga.

Alikuwa amekwisha kubisha milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa ofisi ya kaunti. Huko aliambiwa kwamba wao hushughulikia leseni za biashara, masoko na zahanati, si ndoa za watu. Wa pili ulikuwa wa ofisi nyingine ya serikali, ambayo sitaitaja, alikosubiri tangu asubuhi hadi saa nane, kisha karani akamwambia arudi wiki ijayo, na wiki hiyo ilipofika akaambiwa hakuna aliyemwagiza kurudi. Wa tatu ulikuwa wa masjala ya mahakama. Hapo alitaja jina la mume wake wa kwanza, karani akapitisha kidole katika daftari la mwaka 1986, akatikisa kichwa. Hakukuwa na mwanamume wa jina hilo aliyeomba talaka mwaka ule.

Nikamwuliza Mama swali ambalo, nakiri, lilitokana zaidi na mazoea ya kazi yangu kuliko ujuzi wowote wa sheria: "Ni nani aliyekwenda kortini kwanza?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Mimi," akasema. "Yeye hata hakutaka kufika. Ni mimi niliyechoka na kipigo, nikauza mbuzi, nikamtafuta wakili."

"Kwa hiyo wewe ndiwe uliyemwacha."

Alicheka. "Mwanangu, mwanamke humwacha mume? Mimi niliachwa."

Waama, katika jibu hilo fupi ndimo ilimokuwa imefichwa faili ya Mama kwa miaka yote ile. Ndugu msomaji, hebu tuitazame sarufi yetu kwa makini kidogo. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Mwanamume hutaliki au hutoa talaka; mwanamke hutalikiwa au hupewa talaka. Na mwanamke akijiondokea mwenyewe kwa miguu yake, mchana kweupe, mtaa mzima utasema "ameachika", kana kwamba ni kikombe kilichoponyoka mkononi. Vitenzi vingine vya lugha yetu hukubali mtu yeyote awe mtendaji: mama hupika, baba hupika, mama hushitaki, baba hushitaki. Lakini vitenzi vya ndoa vimegawiwa kwa jinsia, na mwanamke akatengewa kauli ya kutendwa.

Sisemi kwamba lugha ndiyo inayowadhulumu wanawake. Lugha huhifadhi desturi ya wenyewe walioitumia, na desturi hiyo ilimpa mwanamume neno la mwisho. Hata hivyo, ukweli wa mambo haukuwa mwepesi hivyo hata zamani. Katika sheria ya Kiislamu, mathalan, mke ana njia yake ya kujikomboa kwa khului, akirudisha mahari, na vilevile anaweza kumwomba kadhi afasihi ndoa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, aliyetafiti mahakama za kadhi katika pwani yetu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, alionyesha jinsi wanawake wanaosemekana kazi yao ni kuvumilia tu wanavyofika mbele ya kadhi, wakasimulia madhila yao kwa ufasaha, na mara nyingi wakapata haki. Kwa hiyo wanawake wametenda. Ila wanapotoka nje ya mahakama na kusimulia walichokitenda, sarufi huwarudisha katika kutendwa.

Mahakama, kwa upande wake, haina habari na desturi hiyo ya sarufi. Haiulizi nani aliacha na nani aliachwa. Huuliza ni nani aliyeleta ombi na ni nani aliyetakiwa kulijibu, kisha kesi huitwa kwa jina la aliyeileta, likifuatwa na la mwenzake. Mama alipomwambia karani "niliachwa na fulani", karani naye, Mswahili wa sarufi ile ile, alimtafuta huyo fulani katika safu ya walioleta maombi. Hakumwona, na asingemwona hata angetafuta hadi jioni.

Tulirudi masjala siku ya pili, mara hii tukiwa na jina la Mama lenyewe. Hapo napo tulikwama kidogo, kwani majina yetu ya Kitaita yameandikwa na makarani wa kila namna. Sauti tunayoiandika "gh" katika Kidawida na Kisaghala imekuwa ikiwashinda wageni tangu enzi za wamishonari. Mlima ule ule unaoonekana kutoka Voi huandikwa Sagalla katika ramani, Sagala katika barua nyingine, na Saghala kwa wenyewe. Ikiwa mlima mzima haujaponea, seuze jina la binti wa mkulima? Tulilitafuta jina la Mama kwa "gh" tukalikosa, tukalitafuta kwa "g" tupu, likajitokeza: jina la ubatizo, jina la babake, nambari ya kesi, mwaka 1986. Mama aliliweka kidole akalisoma polepole. Alikuwa wa kwanza kuandikwa, na mumewe alimfuata.

Nimesimulia kisa hiki kirefu kwa sababu nimegundua kwamba Mama si peke yake. Tangu nianze kuwauliza watu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta mahali hati ya talaka inapopatikana, wengi wamenijibu bila kusita: "Ofisi ya kaunti." Kosa hilo lina historia yake, na haifai kumcheka mtu kwa ajili yake. Kabla ya katiba ya mwaka 2010, wananchi walimjua mkuu wa wilaya kuwa ndiye serikali yenyewe. Wazee wetu wengine walifungishwa ndoa za serikali katika ofisi ya mkuu wa wilaya, huko Wundanyi. Yamkini basi mtu afikiri kwamba palipofungwa fundo ndipo panapotunzwa kumbukumbu ya kufunguliwa kwake. Kaunti 47 zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, watu walihamishia imani ile ile kwenye jengo jipya. Aidha, vijana wanaosoma habari za Marekani hukuta huko kwamba hati za talaka huombwa kwa karani wa mahakama katika kaunti ndoa ilikovunjwa, nao hudhani kwamba kaunti ya kule na kaunti ya hapa ni ndugu kwa kuwa wamepewa jina moja. Si ndugu. Serikali ya kaunti nchini Kenya haivunji ndoa, na kwa hiyo haina hati ya ndoa iliyovunjwa.

Basi hati hiyo iko wapi? Jibu hutegemea ndoa ilikuwa ya aina gani na ilivunjwa lini.

Tuanze na ndoa za Kikristo na za serikali. Hizi huvunjwa na mahakama pekee. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ianze kutumika, maombi ya talaka husikilizwa na mahakama za mahakimu, na katika kaunti yetu mahakama hizo zipo Voi, Wundanyi na Taveta. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yamechanganyika: sheria za zamani zilikuwa kadhaa, kila moja na mlango wake, na baadhi ya kesi zilikwenda Mahakama Kuu. Voi ilipata Mahakama Kuu yake katika miaka ya karibuni tu, hivyo kesi kubwa za zamani za Taita zilipelekwa Mombasa. Anayetafuta talaka ya miaka ya sitini, sabini au themanini asikate tamaa akiikosa Voi. Na aulize Mombasa.

Hapa pana onyo kwa waumini. Uamuzi wa kanisa kwamba ndoa ni batili ni jambo la kanisa. Unaweza kumruhusu muumini kurudi mezani pa Bwana, lakini haumfungulii pingu za sheria ya nchi. Wamishonari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Tangu hapo vitabu vya kanisa vimekuwa hazina kubwa ya kumbukumbu za ndoa zetu. Lakini kitabu cha kanisa kitakuambia nani alioana na nani. Hakitakupa talaka.

Pili ni ndoa za Kiislamu. Hizi huvunjwa kwa mujibu wa sheria ya dini, na mahakama ya kadhi inatambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba. Kadhi yupo Voi. Sheria ya mwaka 2014 inamtaka kadhi, shehe au imamu aliyetoa hati ya kuvunja ndoa apeleke nakala yake kwa Msajili wa Ndoa. Mwanamke aliyetamkiwa talaka nyumbani na asipewe maandishi yoyote asijitulize akidhani mambo yamekwisha. Na aende kwa kadhi talaka hiyo ithibitishwe na iandikwe, kabla mashahidi hawajatawanyika au kufa.

Tatu ni ndoa za mila, na hapa ndipo penye giza nene zaidi. Zamani wazee walikutana, wakasikiliza, mahari yakarudishwa au yakasamehewa, na mambo yakaishia kwenye kumbukumbu za waliokuwapo. Hadi mwaka 1967 palikuwa na mahakama za Waafrika zilizosikiliza mashauri ya mila. Sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huo ilizifuta. Kumbukumbu za tawala za wilaya za zamani hutafutwa katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Sheria ya mwaka 2014 ilibadilisha mambo: ndoa ya mila nayo sasa husajiliwa, na kuvunjwa kwake ni kazi ya mahakama. Wazee wanaruhusiwa kusuluhisha kwanza, na aliyeongoza usuluhishi huo huwasilisha ripoti mahakamani, lakini neno la wazee peke yao halitoshi. Ambaye ndoa yake ya mila ilivunjwa na wazee zamani, na hakuna maandishi, na atafute mashahidi walio hai waape hati za kiapo upesi. Hati ya kiapo ya mzee wa miaka themanini haingoji mwaka ujao.

Na Msajili wa Ndoa mwenyewe? Yeye yuko chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na makao yake ni Sheria House jijini Nairobi. Kwake hupatikana kumbukumbu za ndoa zilizosajiliwa, na ni vyema kuanza huko ikiwa umesahau hata tarehe ya ndoa yenyewe. Lakini hukumu iliyovunja ndoa huwekwa na mahakama iliyoitoa.

Sasa nikupe, msomaji, utaratibu tuliojifunza na Mama kwa kusugua benchi. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika katika karatasi majina yote ya wahusika wawili kwa tahajia zote unazozikumbuka: la ubatizo, la mzazi, la mume, na lile ambalo karani wa zamani angeliandika kwa kukosea. Andika mwaka wa ndoa na mwaka wa kuachana, hata kwa kukisia. Andika ni nani aliyekwenda kortini kwanza, na uliandike hilo kwa kauli ya kutenda. Mkumbuke wakili aliyehusika, maana ofisi yake huenda ingali na faili.

Ukifika masjala, omba daftari la kesi za talaka la mwaka huo litazamwe kwa majina yote mawili. Ukipata nambari ya kesi umepata nusu ya safari. Kisha andika barua ya kuomba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri wa mahakama, ukitaja nambari hiyo, majina, na ya kwamba wewe ni mhusika. Ambatanisha nakala ya kitambulisho. Ada hulipwa kwa njia rasmi za malipo ya serikali, nawe dai risiti. Usimpe mtu pesa mkononi chini ya mti. Ikiwa si wewe mhusika, mathalan unatafuta talaka ya mzazi aliyefariki, eleza sababu yako kikamilifu, kwani mambo ya ndoa ni ya faragha na mahakama haimgawii kila mpita njia. Hata hukumu za kifamilia zinazochapishwa huficha majina na kubakisha herufi za mwanzo tu.

Soma hati vizuri kabla hujaikunja. Kwa desturi ya mahakama zetu, talaka hutolewa kwa hatua mbili: kwanza amri ya muda, kisha, baada ya kipindi kilichowekwa, amri kamili. Wapo watu waliopewa ile ya kwanza, wakafurahi, wakaenda zao, wasirudi kuomba ya pili. Ukikuta faili yako ina amri ya muda tu, usiitie mfukoni. Mwone wakili akuelekeze jinsi ya kuikamilisha.

Mwezi wa Machi mwaka 2024, Idara ya Mahakama ilipanua mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya elektroniki hadi mahakama zote nchini. Hilo ni jema kwa watakaoachana kesho. Walioachana mwaka 1986 faili zao ni za karatasi, na karatasi huliwa na mchwa. Ndiyo maana nasema twende sasa.

Na ukizungushwa? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeitia haki hiyo nguvu: ofisi ya umma iliyoombwa habari kwa maandishi inatakiwa kutoa uamuzi kwa muda usiozidi siku 21, na hairuhusiwi kutoza ada kwa ombi lenyewe, ila gharama ya kunakili. Anayenyimwa anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Tena, na hili nalitaja kwa furaha ya mwanaisimu, sheria hiyo inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa mhusika, ombi lake liwekwe katika maandishi kwa niaba yake.

Je, ni wangapi wanaolijua hilo? Mlangoni pa ofisi zote tulizozitembelea na Mama, matangazo ya maana yalikuwa ya Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini kinapofika dirishani pa karani hupewa kazi ya salamu tu. Karani alimsalimu Mama kwa Kiswahili safi, akamwamkia "shikamoo", kisha akamwuliza kama ana "decree absolute". Maskini Mama akadhani ameulizwa dawa.

Nionavyo mimi, tiba si ghali. Ofisi za kaunti, kwa kuwa wananchi wataendelea kwenda huko kwa mazoea, zibandike tangazo moja la Kiswahili ukutani: talaka hutafutwa mahakamani au kwa kadhi, si hapa, na mahakama iko mahali fulani. Ni karatasi moja na gundi. Masjala za mahakama nazo ziwe na orodha ya kesi za talaka kwa majina ya wahusika wote wawili, yaani la mume na la mke, kila moja katika safu yake ya alfabeti, ili mwanamke asiye na nambari asitegemee bahati. Na fomu ya kuomba nakala iandikwe kwa Kiswahili, ikiwa na swali moja lililo wazi: "Ni nani aliyewasilisha ombi la talaka?" Kama swali hilo lingekuwa limechapishwa, Mama asingepoteza miezi mitatu na nauli za matatu za kupanda Wundanyi na kushuka.

Sisi walimu wa lugha pia tuna deni. Katiba, katika kifungu cha 45, imesema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, katika maisha ya ndoa, na wakati wa kuivunja. Sheria imewapa wanawake nafasi ya mtendaji. Lugha yetu ya kila siku bado haijawapa. Sidai kwamba tuanze kusema "mwanamke ameoa", maana lugha haibadilishwi kwa amri, na wanaojaribu kuibadilisha hivyo huishia kuchekwa. Lakini tunayo maneno yasiyobagua: wameoana, wameachana, ameomba talaka, amevunja ndoa. Tuyatumie darasani, gazetini na kortini. Msichana akifundishwa kusema "mama yangu aliomba talaka" badala ya "mama yangu aliachwa", atakuwa amejifunza pia ni jina la nani litafutwe katika daftari.

Kesi ya mirathi ya Mama ingali mahakamani, na sitaitolea hukumu kabla ya hakimu. Lakini nakala ya amri kamili, yenye muhuri mwekundu na sahihi, imo katika faili hiyo, na chifu ameiandika ile barua aliyosita kuiandika. Siku tuliyopewa nakala, tulikaa katika kibanda cha chai karibu na stesheni ya zamani ya reli. Mama aliitoa karatasi katika bahasha, akaiweka juu ya meza mbali na chai, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "nisomee tena pale juu."

Nikamsomea jina lake, kisha neno linaloonyesha kwamba yeye ndiye mleta ombi.

"Kumbe," akasema, "ni mimi niliyemwacha."

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, na bahasha akaitia kifuani.